Mke Mwenzangu Yuko Uhispania

Mume wangu Thani aliniletea mke mwenza nikiwa na miaka sitini, na mke mwenza mwenyewe ni nyumba. Ina ghorofa tatu, madirisha ya kijani, kisima katikati ya ua, na ngazi za mawe zilizolika kwa nyayo za watu. Iko katika mji wa kale wa pwani ya kusini ya Uhispania, mji ambao jina lake mpaka leo ulimi wangu unalikataa. Angekuwa mwanamke mwenye miguu miwili ningejua la kumfanya. Nyumba utaifanya nini? Huwezi kuisengenya ikasikia, wala huwezi kusubiri izeeke, maana hii ilishazeeka zamani na watu wanaipendea huo uzee wake.

Ilianza kwa safari tu. Thani alikuwa mhandisi wa majengo wizarani huku kwetu Oman, na alipostaafu binti yetu Fajr akatukodia nyumba huko kwa mwezi mmoja, ati baba apumzike. Mimi nilikwenda na sufuria yangu na bizari zangu, maana chakula cha watu sikiamini. Siku za mwanzo nilinuna. Mji umejaa vilima na vichochoro, gari haipiti, na magoti yangu si ya kupanda ngazi kwenda kununua nyanya. Maduka yanafungwa mchana kama yetu ya Sib, hilo nililipenda. Lakini usiku, wakati mtu mwenye akili zake anatafuta mto, wao ndiyo kwanza wanapanga viti nje wale.

Thani hakununa hata kidogo. Alikuwa akitoka alfajiri na kurudi adhuhuri na mkate chini ya kwapa, kila siku ana jambo la kunionyesha: ukuta mnene wa mawe na chokaa, baraza ya mawe nje ya mlango, dari la boriti. Siku moja akanivuta mkono mpaka kichochoroni nikaone bibi mmoja aliye ghorofani anavyoshusha kikapu kwa kamba. Muuza mkate akatia mkate, bibi akavuta kikapu chake juu, dirisha likafungwa. Thani alisimama akitazama lile dirisha mpaka mimi nikaona haya. Akaniambia kwamba bibi yake alikuwa akinunua samaki hivyohivyo, Malindi.

Malindi ya Unguja, ya Mji Mkongwe. Thani amezaliwa pale. Alitolewa akiwa na miaka sita, mwaka ule wa sitini na nne, ameshikwa mkono na mama yake, na nyumba wakaiacha na chungu jikoni. Mimi nimezaliwa Dubai, njiani, kama wengi wa rika langu, wazee wetu walipokuwa hawajajua watatua wapi. Sikuacha nyumba popote, kwa hiyo sina ninayoililia. Yeye anayo.

Alirudi kuitazama mara moja, miaka mingi iliyopita, nami nilikuwa nyuma yake nimeshika mkoba. Tuliukuta mlango uleule, njumu zake za shaba zimepungua. Ndani watoto wanacheza, na vitunguu vinakaangwa. Thani akainua mkono apige hodi, mkono ukabaki juu. Nikamsubiri. Baadaye akaushusha, akasema taratibu, "Nipige hodi kwa baba yangu? Halafu wakiuliza nani, niseme nani?" Tukarudi hotelini. Watu waliokuwa ndani hawakuwa na kosa, na wao walipangiwa na serikali, na yeye alilijua hilo, na kulijua hakukumsaidia kitu.

Basi tulipokaribia kuondoka Uhispania, akaiona ile nyumba ya madirisha ya kijani imetundikwa kibao cha kuuzwa. Dalali, mwanamke mmoja mchangamfu anayeitwa Pilar, akatufungulia. Thani akagusa kuta, akachungulia kisimani, akapanda mpaka darini kunakoonekana bahari. Aliposhuka alikaa kwenye ngazi na kulia. Nimeolewa na huyu mtu karibu miaka arobaini, nimemwona amezika baba na mama, na machozi ya namna ile nilikuwa sijayaona. Pilar akajifanya anatafuta ufunguo. Mimi nikajiona nasema maneno ambayo hata leo sijui yalitoka wapi: tuulize bei.

Tuliporudi Maskati, mke mwenzangu akahamia kwenye simu. Asubuhi Pilar, jioni Pilar. Nikajua mambo ambayo sikuomba kuyajua: kwamba mgeni akitaka kununua hupewa kwanza namba yake ya kiserikali, na wakili, na kodi juu ya bei, kwamba katika mji wa kale huwezi kubadilisha hata dirisha bila ruhusa ya baraza la mji, kwamba rangi ni nyeupe, na ukitaka nyingine nenda kaishi kwingine. Ukuta wa kaskazini ulikuwa na unyevu. Thani akazikuza picha za ule unyevu na kuzitazama kwa mapenzi, kama mtu anayetazama picha za mjukuu.

Mimi nilitaka kujua mawili tu. La kwanza, kibla kiko wapi, nisije nikakuta choo kimekielekea. Pilar akaizungusha simu nyumba nzima mpaka tukaridhika. La pili, nani anakaa jirani. Pilar akafurahi kulijibu hilo. Alisema upande huu ni nyumba ya kukodisha watalii, upande ule pia, wanakuja wiki wanaondoka, na miezi ya baridi hakuna mtu kabisa. Hakuna majirani, hakuna usumbufu. Nikamtazama Thani. Jirani kabla ya nyumba, wamesema Waarabu, nasi tumelipokea neno hilo tukiwa matumboni. Thani akajifanya hakunisikia nikiguna.

Pensheni peke yake isingetosha. Ilibidi tuuze nyumba yetu ya Sib, na ya Sib ni yetu sote wawili, jina lake na langu. Alikuja kuniomba, hakuniamrisha. Alisema tutakaa kule miezi ya joto, na miezi ya baridi tutapanga fleti Maskati karibu na Fajr. Nilitaka kukataa, wallahi, nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini kila nikimtazama nilikuwa namwona yuko kwenye zile ngazi. Nikasema sawa.

Nyumba yenyewe ni katika zile za serikali, tulizopewa tukiwa vijana. Tuliongeza vyumba, tukapanda ndimu na mwarobaini, Fajr akazaliwa mle. Na ina kilango.

Hicho kilango nikieleze, maana ndicho kilichotufikisha hapa. Kati ya ua wetu na wa jirani kuna ukuta mmoja, na katika huo ukuta tulitoboa mlango mdogo wa chuma ili wanawake na watoto wapite bila kutoka barabarani. Mwanamume hapiti hapo. Mwanamume ana mlango wa mbele, na majlisi ya wageni, na msikiti. Upande wa pili anakaa Khawla, Mama Hatem, mjane, ambaye watu wake ni wa Tabora, na kwa miaka yote hiyo amenisikitisha kwa Kiswahili chake cha bara nami nimemchekesha kwa changu cha Unguja. Kahawa ya asubuhi ni kwake, chai ya jioni ni kwangu. Alipofiwa na mumewe, eda yake yote sikukosa kupita kwenye kile kilango hata siku moja. Fajr alipokuwa mdogo akipigwa na mimi alikimbilia huko, na alipopigwa huko akakimbilia huku.

Mnunuzi hakuchelewa. Fahd, mwenye gereji kubwa kule Ghala, mtu wa adabu na mwenye haraka, aliitazama nyumba mara moja akatoa arabuni palepale. Akauliza kile kilango cha nini. Nikamwambia. Akasema hakuna neno, ataziba.

Sasa sikilizeni tulivyofanya, watu wazima na mvi zetu. Kwetu sisi, jirani wa ukuta mmoja ana shufaa: nyumba haiendi kwa mgeni kabla hajaulizwa yeye kama anaitaka. Mawakili wanaweza kubishana mpaka jua lizame kuhusu nani hasa anayo na nani hana, lakini hata asiyejua kusoma anajua kwamba kumuuliza ni heshima, na kutomuuliza ni kumpiga kofi. Mimi nililijua, na Thani alilijua. Ila kila nikipita kwenye kilango na sahani mkononi, nikimwona Khawla anacheka, najiambia kwamba kuuza nyumba ni maneno ya wanaume, Thani atamwambia Hatem msikitini. Na Thani, kila akitoka msikitini ameamkiana na Hatem vizuri, anajiambia kwamba wanawake hawafichani kitu, habari ilishapita kwenye kilango zamani, na kama Hatem yuko kimya basi wameridhia. Hivyo ndivyo habari ilivyokwama ukutani. Kila mmoja anaona imeshapita kwa mwenzake.

Khawla aliipata kwa Fahd. Siku moja asubuhi Fahd alikuja na fundi kupima ukuta, Thani akawaacha uani akaenda kutafuta karatasi fulani. Khawla alikuwa upande wake anamwagilia maua, amejifunga kanga, kichwa wazi. Akaona kilango kinasukumwa, akadhani ni mimi. Kumbe ni fundi na utepe wake. Nilikuwa jikoni, nikasikia sauti ya Khawla ikiuliza kwa Kiarabu huyu ni nani, nikasikia Fahd akiomba radhi na kujieleza kwamba yeye ndiye mwenye nyumba mpya. Kisha nikasikia komeo likiingia. Kile kilango kina komeo upande wa kwake, na sikuwahi kulisikia.

Siku zilizofuata kahawa ya asubuhi nilikunywa peke yangu, na haikupita. Nilimpigia simu, hakupokea. Niligonga kilango, nikabisha, nikamwita kwa jina la ujana wetu, nikasema maneno ya kujidhalilisha ambayo sitayarudia hapa. Kilango hakikufunguka. Thani alisema nimpe nafasi. Nilimwambia nafasi anayo, ukuta mzima.

Halafu siku moja baada ya alasiri kengele ya mbele ikalia. Nikafungua, namwona Khawla amesimama barabarani, abaya nyeusi mpya, mkoba mkononi, Hatem nyuma yake na kilemba kimefungwa vizuri. Katika umri wote wa ile nyumba Khawla alikuwa hajabonyeza kengele yetu. Alinisalimu kama anavyosalimiwa mke wa mtu usiyemjua, akauliza kama Bwana Thani yupo. Niliwaingiza majlisini. Nilileta halua na kahawa, na kahawa nyingine nikaimwaga kwenye zulia. Hakunitazama.

Thani akaanza kuuliza hali. Khawla alijibu ya lazima, kisha akaweka kikombe chini.

"Bwana Thani, nimekuja kwa haki yangu," alisema. "Nyumba hii ina shufaa, na mwenye shufaa ni mimi. Bei aliyotoa yule bwana, nitatoa hiyohiyo. Sitaomba upunguze."

Thani akapigwa na butwaa. Nami pia. Fedha hizo Khawla angezitoa wapi? Hatem alikuwa akilitazama zulia. Tena Hatem mwenyewe ameshajenga kwake, mtaa uleule, watoto wote wamehama, huyu mama anazunguka peke yake kwenye vyumba visivyo na watu. Thani akamuuliza kwa upole zitatoka wapi. Akajibu kwamba atauza shamba la Qurayyat. Hilo ni shamba la mitende la marehemu mumewe. Kila mwaka tende za kwanza hutuletea sisi kabla ya ndugu zake.

"Nami nna haki ya kukuuliza, Mama Hatem," alisema Thani. "Nyumba ya pili utaifanyia nini?"

"Nitaifunga. Ijumaa nitaingia nifagie, nimwagilie ndimu, nitoke."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mtakaporudi." Hapo ndipo aliponitazama mimi kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa mekundu. "Huyu mkeo alinisimulia ya Malindi. Kwamba ulikwenda kwa baba yako ukakuta kuna watu, mkono ukakushinda. Nilimlilia mtu ambaye hata sikuwa nimezoea kusema naye. Mtu akipoteza nyumba moja kwa kufukuzwa, hiyo ni kudura. Ya pili unaiuza kwa mkono wako, Bwana Thani? Uzeeni huko utakapochoka na Wazungu wako ukarudi, usimame tena nje, ndani wanakaanga vitunguu? Haya, nenda. Sikuzuii. Lakini nyumba hii ukirudi hutakuta mtu mwingine ndani."

Hatem alikohoa. Khawla alinyanyuka, akaniaga kwa adabu ileile ya barabarani, wakatoka kwa mlango wa mbele. Nilisikia viatu vyake vikizunguka njia ndefu mpaka kwake.

Thani hakusogea. Kahawa yake ilikuwa mbele yake mpaka ikapoa. Nilitaka kumwambia mengi, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu sikuwa na la kuongeza, kila kitu kilishasemwa na mtu wa Tabora. Nilikaa chini karibu yake. Simu iliita, ilikuwa Pilar. Ikaita mpaka ikanyamaza.

Kesho yake asubuhi Thani alitoka bila kuniambia aendako. Alirudi adhuhuri, akala kidogo, akalala. Baada ya alasiri nilikuwa uani, chini ya mwarobaini, nakata bamia, nikamwona anatoka ndani amevaa kanzu safi na kofia yake ya sikukuu. Nilidhani anakwenda msikitini. Akanipita. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kilango.

Nikaacha kisu. Nimeshasema, mwanamume hapiti pale. Akakohoa kwanza kama desturi, ili mwenye nyumba ajistiri. Akainua mkono agonge, mkono ukabaki juu. Naujua ule mkono. Niliuona Malindi, nimeusubiri ugonge kwa miaka yote hii, na nilikuwa tayari nimenyanyuka nimshike nimrudishe ndani nimwambie basi, mume wangu, inatosha.

Akagonga.

"Hodi," alisema.

Akagonga tena.

"Hodi, Mama Hatem. Ni mimi, Thani. Jirani yako."

Kisha komeo likatoka, kilango kikafunguka kidogo, na Khawla akasimama pale amejitanda kanga, unga mikononi.

"Karibu, Bwana Thani."

"Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Niliuza ukuta wako sikukuuliza. Fahd nimekwenda kwake Ghala leo, nimemrudishia arabuni yake, na haki yake juu. Ameniombea heri. Shamba la marehemu usiliguse. Siuzi."

Nilidhani Khawla atafurahi, na nadhani alifurahi, lakini kwanza akamtazama usoni kwa huruma. Akamuuliza, "Na ile ya Uhispania?"

Thani akatabasamu, na tabasamu lenyewe likamshinda njiani. Alisema amemwambia Pilar amtafutie mtu mwema, na amwambie huyo mtu kwamba ukuta wa kaskazini una unyevu, aanze na huo kabla ya rangi. Nami nikalia pale juu ya bamia zangu, nikamlilia mke mwenzangu ambaye sikumpenda siku hata moja, madirisha yake ya kijani, na kisima chake, na mume wangu aliyekaa kwenye ngazi zake.

"Ingia basi," alisema Khawla. "Mkate wa mofa uko motoni utaungua. Na huyo anayelia huko nyuma mwambie aje, kahawa yake ya siku zote hizi ananidai."

Thani akavua viatu. Kilango kile tulikitoboa kwa kimo cha wanawake na watoto, kwa hiyo ilimbidi ainame sana, ashike kofia kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono wa pili. Akapita. Nilipangusa macho kwa upande wa kanga, nikabeba bamia zangu, nikamfuata.